Siku Jagi Lilipofura

Futari ilikuwa imeshapangwa. Tende kwenye kisahani, uji wa pilipili manga, mbaazi za nazi, tambi za sukari, na katikati ya meza, juu ya kitambaa cheupe alichonitarizia wifi yangu siku ya harusi, jagi kubwa la mfuniko lenye sharubati ya ukwaju ambayo Mama mkwe alikuwa akiishughulikia tangu alasiri. Ilikuwa Aprili 2023, Leicester, mji wa katikati ya Uingereza, na jua la Ramadhani ile halikukubali kuzama mpaka karibu saa 2 usiku. Ami yake mume wangu alikuwa amekuja kufutari nasi kutoka Coventry. Ni mzee wa kanzu iliyopigwa pasi na masharubu yaliyotunzwa, na kwa heshima yake nilikuwa nimetoa mabilauri ya kabatini.

Mama mkwe alikuwa na wiki tatu tangu aje kutoka Unguja. Kila jioni, akishafungua kwa tende na maji, alirudia neno moja: "Nchi hii Mungu kaijaalia kila kitu, ila sharubati tu ndiyo sikuiona." Juisi za maboksi alizionja akazisogeza pembeni. Kwake sharubati ni tunda lililokamuliwa nyumbani, likachujwa kwa kitambaa, likatiwa iliki na sukari kwa kipimo cha mkono. Sisi wakubwa tulikwisha kulizoea lile neno lake, hatulisikii tena. Binti yetu wa miaka 9 alilisikia. Alikusanya senti zake, akafuatana na baba yake dukani, na kwenye rafu ya peremende akaona pakiti imeandikwa "sherbet". Akalitamka polepole, akalikuta neno la bibi yake limo ndani. Akanunua pakiti sita, akazificha chini ya mto.

Dakika chache kabla ya adhana, sisi tukiwa mlangoni tunampokea Ami, mtoto aliingia peke yake chumba cha kulia. Alifungua jagi, akamimina pakiti zote sita, akaukaza mfuniko barabara kama nilivyomfundisha mwenyewe, ili nzi wasiingie.

Unga ule ni sukari, asidi ya limau na magadi soda. Mtoto akiuweka ulimini, mate yakiugusa, hutoa povu la kuchonyota, na ndiyo raha yake. Ukwaju nao, kila mpishi anajua, ni mkali wa kutosha kuumua magadi peke yake. Vikikutana kwenye jagi lililofungwa, gesi yake haina pa kwenda. Tulipoingia kukaa mezani tulisikia kishindo. Mfuniko uliruka ukampiga mdogo wake binti yetu kwenye paji la uso, povu la rangi ya udongo likapanda, likavuka mdomo wa jagi, likashuka mezani juu ya tende, juu ya tambi, juu ya utarizi wa wifi yangu. Ami, mtu mwenye haraka ya kusaidia, aliinama kulishika jagi, na wimbi la pili likamkuta usoni. Simu ya mume wangu ikaanza kuadhini papo hapo.

"Fungueni kwanza!" Mama mkwe alipaza sauti. "Hayo mengine yatangoja. Tende zipanguseni, mfungue!"

Tukafungua kwa tende zenye povu, tumesimama, mtoto mdogo analia kwa maumivu, mkubwa analia kwa fedheha. Alikuwa ameishika pakiti tupu kwa mikono miwili, anaielekeza kwa bibi yake: "Imeandikwa sharubati! Bibi, soma, imeandikwa!"

Mama mkwe aliichukua pakiti akaisogeza kwenye taa. Kiswahili kimemfundisha kusoma kila herufi iliyoandikwa, basi akasoma: "She-ri-be-ti." Akamuuliza mjukuu wake: "Skuli yenu wanaitaje, mke mwenzangu?" Mtoto akafuta machozi: "Shabeti." Bibi akalirudia mara mbili, taratibu, kama anayemtambua mtu kwa sauti kabla ya kumwona. "Huyu ni wa kwetu," akasema. "Kakulia ugenini tu."

Nilikwenda kwenye friza nikatoa mfuko wa njegere, nikamwekea mdogo kwenye paji la uso. Kisha nikafunga eproni kiunoni na kuanza kupangusa. Kazi yangu ni ukalimani. Mchana kutwa nakaa kati ya Kiswahili na Kiingereza, na maneno yanayovuka nayapenda kama wengine wanavyopenda maua. Ningeweza kukasirika usiku ule, kwa maana doa la ukwaju halitoki kirahisi, lakini alilolisema Mama mkwe lilikuwa kweli tupu, na nilitaka watoto walijue lote.

Neno hilo kwao ni Uarabuni, kwenye mzizi wa kunywa. Waajemi na Waturuki walilipenda wakalifanya jina la kinywaji cha matunda na sukari. Pwani yetu ikalipokea na kulitilia irabu zake, ikawa sharubati. Waingereza walilisikia kwa Waturuki na Waajemi, wakaanza kuliandika mwanzoni mwa karne ya 17, na bado lilikuwa kinywaji. Katika karne ya 19 maduka yao yakawa yanauza unga wa kukoroga ili kinywaji hicho kitoe povu. Baadaye watoto wakaacha maji, wakaulamba unga mkavu, na jina likabaki na unga. Ukivuka tena bahari mpaka Marekani, neno hilohilo limeganda: huko ni barafu laini ya matunda inayoliwa kwa kijiko. Binti yangu, basi, hakukosea neno. Alilifuata neno sahihi mpaka lilipofika, akakuta limeshabadilika kazi.

Hata sirapu ya kikohozi iliyokuwa mlangoni mwa friji ni ya ukoo huo, imepitia vitabu vya matabibu wa Kiarabu vilivyofasiriwa kwa Kilatini. Na masharubu ya Ami pia. Kiarabu kimeyaita hivyo kwa mzizi uleule wa kunywa, kwa kuwa ndiyo yanayotangulia kugusa kinywaji. Nilipolieleza hili Ami alikuwa bado anajipangusa kwa taulo. Akanitazama, akatazama kanzu yake, akamwita mtoto mkosaji akamkalisha mapajani. "Kumbe ndugu kamrukia ndugu yake," akamwambia, na hapo ndipo mtoto alipoacha kulia.

Usiku ule, tukiosha vyombo, Mama mkwe aliniuliza swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kazini, lakini si kwa upole ule: "Mwanangu, kwa nini wanayavunja hivi maneno ya watu?"

Nikamwonyesha eproni niliyoivaa. Waingereza waliichukua kwa Wafaransa, kutoka neno la kitambaa cha meza, na mwanzoni ilikuwa na n mbele: "napron". Mtu akisema "a napron" kwa haraka, msikilizaji hajui n ni ya neno gani. Miaka ikapita, n ikahama, ikawa "an apron". Kitambaa kidogo cha kufutia mdomo, "napkin", kikabaki na n yake, na hivyo watoto wawili wa kitambaa kimoja cha meza hawafanani tena sura. Nikamwonyesha na mfuko wa njegere, ulioanza kuyeyuka. Zamani Kiingereza kiliita njegere "pease", moja au gunia zima, neno lililotoka Kilatini. Lakini masikio yao yamezoea kuwa s ya mwishoni ni ya wingi. Wakafikiri: zikiwa nyingi ni "pease", basi moja lazima iwe "pea". Wakakata s, wakapata umoja ambao haukuwahi kuwepo. Tunda la "cherry" lilipata mkasi huohuo. Lilikuja kutoka kwa Wafaransa wa Normandy likiwa na s yake, wakaidhani ni ya wingi.

Mama mkwe alisimamisha sahani mkononi. "Kama kitabu," akasema.

Ndiyo, kama kitabu. Alifundisha madrasa miaka mingi, anajua kwamba Kiarabu kinasema *kitab*, na k-i ile ni mwili wa neno wala si kiambishi. Sisi tukaisikia ki-, tukaona ni ndugu wa kiti na kisu, tukasema vitabu. Waarabu wana wingi wao mwingine kabisa. Madereva wetu wakafanya vilevile kwa amri ya Kiingereza ya kukaa kushoto: barabarani kipo kipilefti, na viwili ni vipilefti. Sijapata kuona ushahidi mzuri zaidi kwamba lugha ni hai. Haiazimi kama mtu anavyoazima sufuria ya jirani, kwa nia ya kuirudisha ilivyokuwa. Inapokea neno kama nyumba inavyopokea mtoto wa kulea: anakula chakula cha pale, anashika lafudhi ya pale, na baada ya miaka hata jirani hajui kuwa alitoka mbali. Siwezi kuwanunia Waingereza kwa njegere wakati mimi mwenyewe navipanga vitabu rafuni.

Tangu siku ile nyumba yetu ikawa haina utulivu. Watoto na bibi yao waliingia kila chumba kutafuta maneno. Mama mkwe alikuwa akikaa sofani siku zote bila kuliuliza jina lake. Nilipomwambia kuwa ni *suffa* ya Kiarabu, aliinuka. Suffa anaijua, ni ile baraza yenye kivuli kwenye msikiti wa Mtume Madina, walipokaa masahaba maskini wasio na nyumba. Akawasimulia wajukuu habari za Ahlu Suffa mpaka wakasinzia juu ya kiti kile kile. Godoro lilikuwa na kisa chake: Waingereza wanaliita "mattress", kutoka neno la Kiarabu la mahali pa kutupia kitu chini, na bibi, aliyekataa kitanda akataka alazwe chini, aliona Waarabu wamepatia. Boksi la majani lililoandikwa "chai tea" lilimtatiza. Hapo neno moja la Kichina limeandikwa mara mbili, lililokuja kwa nchi kavu kupitia Uajemi na lililobebwa na majahazi ya Waholanzi kutoka mwambao wa kusini-mashariki wa China.

Jirani yetu wa nyumba ya pili alialikwa kuongeza maarifa. Ni mama wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, akafika hapa 1972 na sanduku moja Idi Amin alipowafukuza, na Kiswahili chake hakijachakaa. Yeye ndiye aliyetufunulia chupa ya bafuni. Kwa Kihindi neno lile ni amri: kanda, bonyeza. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua nyumba ya kuogea mjini Brighton mwanzoni mwa karne ya 19, akiwakanda Waingereza viungo kwa mvuke na mafuta, na kazi hiyo ndiyo iliyoitwa shampuu. Ilichukua muda kabla neno halijapanda kutoka mabegani mpaka kwenye nywele. Mama jirani alipomaliza kueleza alimkalisha Mama mkwe kwenye kigoda, akamtia mafuta ya nazi, akamkanda kichwa na mabega kwa nusu saa nzima. Kwa macho yangu nikaona neno linafanya kazi yake ya kwanza.

Lakini usiku mmoja, katikati ya shangwe hiyo, binti yetu aliuliza gizani: "Bibi, na mimi nimekuwa kama sharubati?"

"Vipi, mke mwenzangu?"

"Skuli jina langu wamelikata. Wanatumia kipande cha mwisho tu."

Amepewa jina la bibi yake huyu huyu. Sitaliandika hapa kwa kuwa ni lake, ila linaanza kwa *Mwa*, na ni nadra neno la Kiingereza kuanza hivyo. Walimu walijaribu siku za mwanzo, wakatia irabu pasipo na irabu, darasa likacheka, kisha wakalikata. Mtoto hakutuambia. Alikuwa amelibeba hilo tangu Septemba.

Mama mkwe hakujibu kwa muda mrefu. Nilikuwa kwenye korido na nguo za kukunja mikononi, na nilisikia pumzi yake. Jina lile alipewa na bibi yake mwenyewe. Alipolitoa kwa mjukuu alitoa kitu ambacho hana kingine cha kulingana nacho. Hapo ndipo nilipoona mahali ambapo huruma yangu kwa maneno yaliyovunjika inakoma. Pease haikuwa na mtu wa kuulizwa ilipokatwa. Napron haikuumia. Jina la mtu lina mwenyewe, amekaa dawati la pili, anakusikia, na ukimuuliza atakujibu.

Kesho yake tulikwenda sote watatu kwa mwalimu wake. Njiani, ndani ya basi, Mama mkwe alikuwa anasoma jina la mji kwenye kioo cha mbele, herufi kwa herufi: "Le-i-ke-ste-ri." Mjukuu wake akamsahihisha: "Lesta, Bibi." Bibi akahesabu kwa vidole herufi zilizomezwa. Nikamwambia kitu ambacho sijawahi kukisema bila kusisimka: kwamba mwisho wa jina lile, kama wa miji mingi ya hapa, ni neno la Kirumi la kambi ya askari, na kwamba wajuzi wa lugha huliona neno la Kiarabu *qasr* kuwa limetoka kwenye shina hilohilo, kupitia Kigiriki. Sisi tukaliita kasri. "Basi mji wao una kasri ndani yake," akasema, "na wao hawaisomi."

Mwalimu alikuwa mtu mwema, nalisema bila kusita. Alitusikiliza. Nilimwambia kwamba si mbali na hapa ipo ngome ambayo mabwana wa Kinormani waliipa jina la Kifaransa la mandhari nzuri, Belvoir, na kila mtoto wa jimbo hili anajua kulisoma "Biva", kama yule mnyama wa mtoni. Mtoto wa miaka 6 anafundishwa kumeza nusu ya herufi za mji wake, na anaweza. Midomo yenye uwezo huo haishindwi na *Mwa*. Alikubali. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: alimgeukia binti yetu akasema, nifundishe wewe.

Mtoto alisimama mbele ya kiti chake. "Fumba midomo kama unasikia kitu kitamu," akasema, "usiifungue mapema, halafu iviringe." Mwalimu akajaribu. Irabu ikaingia. "Umefungua mapema." Akajaribu tena, na tena, mara saba kwa hesabu yangu, na Mama mkwe akiwa kando anamwombea kwa macho. Mara ya nane jina lilitoka zima. Lilikuwa na lafudhi ya Leicester, irabu ya mwisho ikiwa imelegea kidogo, lakini halikupungua hata silabi moja. Mama mkwe alimshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia kwa Kiswahili, bila kusubiri nifasiri, kwamba ameliita jina alilopewa yeye mwenyewe na bibi yake aliyezikwa Makunduchi.

Safari ya kurudi Unguja ilikuwa Mei. Mama mkwe aliniomba nimnunulie pakiti za unga ule awapelekee watoto wa mtaani kwao Mji Mkongwe, na binti yetu akasisitiza atie ishirini, pamoja na onyo la kutouweka kwenye ukwaju. Kitambaa cha meza alikwenda nacho pia. Alisema doa lile linamjua yeye, litatoka kwa limau na jua la kwao. Dereva wa teksi, Mwingereza, alipomsikia akisema safari, aligeuka kwa furaha akauliza kama ataona simba. Niliwahi kukwazika kwa swali la aina hiyo. Siku ile nilimweleza kwamba kwetu hata kwenda kwa jirani ni safari, na akalitafuna neno lile mpaka uwanja wa ndege.

Alitupigia simu siku ya tatu. Nyuma ya sauti yake barazani palikuwa na kelele za watoto, wengi, wanagombania kitu. Binti yetu akaomba asikilize, akaikandamiza simu sikioni, kisha akaiweka spika ili nasi tusikie. Sauti ya mtoto mdogo ilikuwa inalia karibu kabisa na simu: "Bibi, mimi hukunipa! Yeye kapata vishabati viwili, mimi nataka kishabati changu!"